Uzi: Kupanda plambago, kichaka cha maua ya samawati, katika bustani kavu za Tabora

Mwanzisha uzi (Tabora Mjini)

Ndugu wanajukwaa, swali la kichaka chenye maua ya samawati kinachoweza kuhimili jua la Tabora limeulizwa hapa mara nyingi, na mara nyingi limejibiwa kwa sentensi moja: panda plambago, haihitaji maji. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoua miche mingi katika bustani zetu kila mwaka kati ya Agosti na Oktoba. Plambago huvumilia ukame baada ya mizizi yake kushuka chini. Kabla ya hapo ni mche laini kama mche wa mchicha, na anayeutelekeza kwa kuamini sifa za mmea mzima ataukuta umekauka. Naomba nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa nalipenda na kwa kuwa naamini mji wetu unaweza kuwa na nyua za samawati kuanzia Cheyo hadi Ipuli endapo tutafuata majira yetu wenyewe.

Kwanza tuufahamu mmea. Jina lake la kitaalamu ni Plumbago auriculata, na katika vitabu vya zamani utaukuta ukiitwa Plumbago capensis; yote mawili ni mmea mmoja. Asili yake ni Afrika Kusini, hasa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, pamoja na sehemu ya kusini ya Msumbiji. Ni kichaka chenye matawi mengi membamba yanayoinama, hufikia kimo cha mita 1 hadi 3 kikiachwa kisimame chenyewe, na hupanda juu zaidi kikipata ukuta, mti au seng'enge ya kuegemea. Maua yake huja kwa vishada, kila ua lina petali 5 zilizokaa mwishoni mwa mrija mrefu mwembamba, na rangi yake ni ile ya anga ya asubuhi ya Juni. Ipo aina nyeupe, na ipo nyingine iliyochaguliwa na wakulima wa bustani kwa ajili ya buluu iliyokolea zaidi, ijulikanayo kwa jina la Royal Cape.

Jambo ninaloliona kuwa la msingi kuliko yote ni hili: mmea wa kigeni tuupime kwa kuangalia mvua ya kwao hunyesha wakati gani wa joto, kuliko kuangalia tu kama kwao ni kukavu. Katika KwaZulu-Natal mvua nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Machi, ambayo ndiyo miezi yao ya joto, na miezi ya katikati ya mwaka huwa mikavu na ya baridi. Tabora, iliyo kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua yake kati ya Novemba na Aprili, halafu hukaa kavu kabisa kuanzia Mei hadi Oktoba, na usiku wa Juni na Julai huwa na ubaridi wa kutosha kuvaa sweta. Kwa hiyo plambago inapofika hapa haikuti kalenda ngeni. Inakuta mpangilio uleule wa mvua pamoja na joto, kisha ukame pamoja na ubaridi. Tofauti kubwa ni Septemba na Oktoba, ambapo joto letu la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi huku ardhi ikiwa haijaonja mvua kwa miezi mitano au sita. Hapo ndipo kazi ya mtunza bustani ilipo.

Udongo wa sehemu kubwa ya mji na vitongoji vyake ni wa kichanga. Una faida moja kubwa, kwamba maji hayatuami, na plambago haipendi kabisa kusimama ndani ya maji. Una hasara pia, kwamba maji hupita haraka na kuondoka na rutuba. Chimba shimo lenye upana na kina cha takribani sentimita 50, tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza vizuri au mboji, kisha urudishe. Ninasisitiza neno iliyooza, kwa sababu samadi mbichi kutoka zizini huunguza mizizi, na hapa kwetu huita mchwa. Usiweke majivu ya jikoni katika shimo hilo. Plambago hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu hupunguza uchachu huo, kama yafanyavyo mabaki ya saruji na chokaa yaliyofukiwa kando ya nyumba mpya. Mmea unaokua kwenye kifusi cha ujenzi utauona majani yake yakigeuka ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma au manganizi, na kuongeza maji hakutaiponya.

Sasa suala la wakati. Panda mvua za Novemba au Desemba zikiwa zimekwisha kulowanisha ardhi hadi chini, na wala si ile mvua ya kwanza inayotimua vumbi na kupotea kwa wiki mbili. Mche uliopandwa Desemba hupata zaidi ya miezi mitatu ya mvua ya kushusha mizizi. Ule uliopandwa Machi, hata kama ulikuwa mkubwa na mzuri zaidi kitaluni, huingia kiangazi mizizi yake ikiwa bado ndani ya umbo la kiriba chake. Watu wengi hununua miche Machi na Aprili kwa kuwa ndipo vitalu vinapokuwa na miche iliyochanua na kuvutia macho. Ukiununua wakati huo, uweke kwenye kiriba kikubwa zaidi chini ya kivuli chepesi na uusubirishe hadi Novemba. Huo ndio ushauri ambao ningependa kila anayesoma uzi huu auchukue, hata kama mengine yote atayasahau.

Katika kiangazi cha kwanza mwagilia kwa kina na kwa nafasi. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, ikimwagwa taratibu ndani ya kisahani cha udongo kilichojengwa kuzunguka shina, inafaa kuliko kopo moja kila jioni, kwa sababu maji ya kopo hulowanisha sentimita chache za juu tu, na mizizi hufuata maji yalipo. Mizizi iliyozoeshwa juu ndiyo inayounguzwa na jua la Oktoba. Katika mwaka wa pili unaweza kumwagilia mara moja kwa wiki mbili au tatu, na kuanzia mwaka wa tatu kichaka kitakuwa hai bila msaada wako, ingawa kitapunguza maua na pengine kudondosha baadhi ya majani hadi mvua zirudi. Ukitaka maua katikati ya ukame, mpe maji. Ukiridhika na maua ya msimu wa mvua na baada yake, mwache apumzike.

Eneo liwe na jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Hapa Tabora tuna miembe mikubwa kila uwanja, na kivuli cha mwembe ni kizito mno kwa mmea huu. Chini yake utapata majani marefu dhaifu na maua ya kuhesabu. Upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri sana, maana kichaka hupata jua la asubuhi hadi adhuhuri, na jua kali la alasiri, ambalo hufifisha rangi ya petali, huzuiwa na ukuta.

Mchangiaji wa Nzega

Shikamoo mama, na ahsante kwa maelezo haya. Mimi nilikuwa nimevutiwa na kichaka kingine cha samawati kiitwacho seanothasi, ambacho nimeona picha zake kutoka California kikiwa kimefunikwa na maua kiasi kwamba majani hayaonekani. Wanaandika kwamba kinahimili joto na ukame mkali, na kwamba hakipendi kumwagiliwa. Ndugu yangu aliyeko nje yuko tayari kuniletea mbegu. Je, kwa ukame wetu wa Nzega, kisingefaa zaidi kuliko plambago?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali zuri, na jibu lake lipo katika lile nililolitaja kuhusu mvua na joto. Seanothasi, kwa jina la kitaalamu Ceanothus, ni jenasi ya vichaka vya Amerika ya Kaskazini, na spishi zake nyingi hupatikana California. Sifa ulizozisoma ni za kweli kabisa kwa kwao. Ni mmea wa ajabu: mizizi yake hushirikiana na bakteria wa kundi la Frankia kunasa naitrojeni ya hewani, na mbegu za spishi nyingi hulala ardhini hadi moto wa msituni upite ndipo zichipue, ndiyo maana wakulima huzimwagia maji ya moto kabla ya kuzipanda.

Hata hivyo, angalia kalenda. California hupata mvua zake kati ya Novemba na Aprili, sawasawa na sisi kwa majina ya miezi. Lakini wao wako kaskazini ya mbali ya Ikweta, hivyo miezi hiyo kwao ni ya baridi, na miezi yao ya joto ni mikavu kabisa. Seanothasi amezoea udongo wenye unyevu wakati wa baridi na udongo mkavu wakati wa joto. Ukimleta Nzega, atakutana na udongo uliolowa katika joto la Januari, na hali hiyo, joto pamoja na maji, ndiyo inayostawisha vimelea vya kuozesha mizizi ambavyo seanothasi hana kinga navyo. Hata watunza bustani wa California kwenyewe huonywa wasimmwagilie wakati wa joto kwa sababu hiyohiyo. Ukame wetu asingeuogopa. Masika yetu ndiyo yangemwondoa. Kwa hiyo usimsumbue ndugu yako kwa mbegu hizo. Isitoshe, mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali na ukaguzi wa afya ya mimea, na taratibu hizo zipo kwa sababu njema.

Mchangiaji wa Ujiji, Kigoma

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa uchambuzi huu. Ningependa kuongeza hali ya kwetu, kwa kuwa reli ni moja lakini hali ya hewa si moja. Sisi tuko karibu na Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko katika kimo cha takribani mita 770 tu, hivyo usiku wetu ni wa joto kuliko wa Tabora na hewa ina unyevunyevu zaidi. Plambago inakua kwa kasi sana hapa, hadi inakuwa kero isipopogolewa, lakini ikibanana upepo hukosa njia na majani hupata ukungu mweupe kama unga. Nimeona kwamba kuachanisha vichaka kwa mita moja na nusu, na kukata matawi ya katikati ili mwanga uingie, kunasaidia kuliko dawa. Aidha, kwa wenzangu wenye viwanja vya miteremko, mmea huu una faida ya pekee: hutoa machipukizi kutoka mizizini, na matawi yake yanayoinama yakigusa udongo huweza kuota mizizi, kwa hiyo hushika kingo za udongo vizuri wakati wa mvua kubwa. Panda kwa mistari inayokingama na mteremko.

Naomba ufafanuzi kuhusu upogoaji. Hapa kila mtu ana mwezi wake.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu yangu wa Ujiji. Hilo la miteremko nisingelikumbuka, kwa kuwa Tabora ni tambarare.

Kuhusu upogoaji, kanuni inatokana na tabia moja ya mmea: plambago huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi la zamani lisilokatwa huendelea kurefuka na kutoa maua machache kwenye ncha, na baada ya miaka kichaka huwa na kiini cha vijiti vikavu kilichofunikwa na majani kwa nje. Upogoaji mkubwa unapaswa kufanyika kabla tu ya msimu wa kukua. Kwa Tabora hiyo ni mwishoni mwa Oktoba, mawingu yanapoanza kujikusanya. Ondoa hadi theluthi moja ya kimo, na kichaka kizee kinaweza kukatwa hadi sentimita 30 kutoka ardhini na kikachipua upya. Usikate Agosti. Machipukizi laini yatakayotoka baada ya hapo yatakutana na Septemba na Oktoba bila maji, na mmea utakuwa umetumia akiba yake kujenga majani yatakayoungua. Kwenu Kigoma, ambako mvua hutangulia kidogo, mnaweza kuanza mwishoni mwa Septemba. Katikati ya msimu, baada ya wimbi la kwanza la maua, punguza ncha kwa mkasi, na wimbi jingine litafuata baada ya wiki kadhaa.

Nina ombi kwa wote wanaokata kwa panga. Panga hupasua tawi, na tawi lililopasuka hufa hadi chini ya pale ulipokata na kuacha kijiti kikavu ambacho mchwa hukiingia. Mkasi wa kupogolea wa bei nafuu, ukinolewa, hufanya kazi safi zaidi. Vilevile vaeni glavu au nawieni mikono kwa sabuni baada ya kazi, na msifikiche macho, kwa sababu mmea huu, hasa mizizi yake, una kemikali iitwayo plambajini ambayo huwasha ngozi na kwa baadhi ya watu huleta malengelenge.

Mchangiaji wa Urambo

Habari za kazi, mama. Mimi ni mfugaji wa nyuki, na pia nina ua wa nyumba ninaotaka kuupamba. Maswali yangu ni matatu. Kwanza, nyuki watanufaika na maua haya? Pili, huku kwetu mchwa hula kila kitu kinachofanana na kijiti. Nitatandaza vipi matandazo bila kuwaalika? Tatu, nitazalishaje miche mingi bila kununua mmoja mmoja?

Mwanzisha uzi

Nzuri, ndugu yangu. Kuhusu nyuki sitakupa matumaini makubwa. Mrija wa ua la plambago una urefu wa sentimita 3 hivi na ni mwembamba sana, kwa hiyo chavua na mbochi vimekaa kwa ajili ya wadudu wenye ulimi mrefu, hasa vipepeo. Utapata vipepeo wengi, wakiwemo wale wadogo wa buluu ambao viwavi wao hula maua na matumba ya mmea huu. Waache, madhara yao ni madogo. Asali ya Urambo na Sikonge itaendelea kutegemea miombo yenu, ile mitundu na jamii yake, na hakuna kichaka cha bustani kitakachochukua nafasi hiyo. Ukitaka ua la samawati linalotembelewa na nyuki, panda rosemari upande wenye jua kali na udongo unaopitisha maji, ukiuinua udongo huo kidogo ili masika yasimzamishe, maana naye ni wa nchi za mvua ya baridi.

Kuhusu mchwa, tumia maganda ya karanga au majani yaliyokwisha kuanza kuoza badala ya nyasi ndefu kavu, na acha nafasi ya kiganja kizima kati ya matandazo na shina. Tandaza yanapoanza kupungua mvua, mwezi Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu wa kuhifadhi. Pitia kila wiki mbili na ufukue kidogo kwa kijiti. Ukikuta vijia vya udongo vinaelekea shinani, vivunje na usogeze matandazo mbali. Mmea wenye afya na maji ya kutosha hushambuliwa mara chache. Anayeshambuliwa ni yule aliyekwisha kudhoofika, na hii ni sababu nyingine ya kupanda Desemba. Nitaongeza tahadhari kwa wakulima wa tumbaku: msichukue udongo wa mashamba hayo kujazia viriba, kwa kuwa mara nyingi una minyoo fundo, ambayo hutengeneza vinundu kwenye mizizi na kudumaza mimea mingi ya bustani.

Uzalishaji ni sehemu ninayoifurahia kuliko zote. Machi au mapema Aprili, chagua matawi ya mwaka huo yaliyoanza kukomaa, yale ambayo ukiyapinda hayavunjiki kama mboga wala hayagomi kama kuni. Kata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya nusu ya chini na maua yote, kisha vichomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga safi wa mtoni na mboji iliyochekechwa, kwa kiasi sawa. Viweke chini ya kivuli, na hapa mwembe unafaa kabisa, ukivifunika kwa mfuko mwangavu uliotobolewa ili unyevu usitoroke. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa. Utajua kwa kuona majani mapya na kwa kipandikizi kukataa unapokivuta kidogo. Hamishia kila kimoja kwenye kiriba, na kuanzia Agosti anza kuvizoesha jua kwa kuvisogeza taratibu kutoka kivulini. Kufikia Novemba utakuwa na miche iliyokwisha kuonja kiangazi cha Urambo ikiwa mikononi mwako, na hiyo hustawi kuliko mche uliotoka kwenye kitalu chenye kivuli na bomba la maji. Usipotaka usumbufu wa vipandikizi, chimbua machipukizi ya mizizini wakati wa mvua na uyatenganishe.

Mchangiaji wa Tabora Mjini

Mwalimu, nyumba yangu ina ua mdogo wenye kivuli nusu siku na watoto wadogo wanaochuma kila kitu. Duranta ingefaa? Ina maua ya samawati pia na hapa mjini inapatikana kwa urahisi.

Mwanzisha uzi

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, nashauri usipande duranta. Vishada vyake vya matunda ya njano vinavutia mtoto kama peremende, na matunda hayo ni sumu. Kwa kivuli cha nusu siku kuna mmea wa kwetu ambao naona tumeudharau bila sababu: Rotheca myricoides, uliokuwa ukiitwa Clerodendrum. Huota wenyewe katika vichaka na misitu ya Afrika Mashariki, hufikia mita 2 hadi 3, na ua lake linafanana na kipepeo, petali nne zikiwa samawati nyepesi na moja ya chini ikiwa ya buluu iliyokolea, huku stameni ndefu zikijipinda mbele. Majani yake yakisuguliwa hutoa harufu nzito ambayo wengine hawaipendi, kwa hiyo usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala. Upogoe Oktoba kama plambago, na upande nao mwezi Desemba. Kuhusu watoto, wafundishe kutotia mmea wowote wa bustani mdomoni, huo ukiwemo.

Anayetaka vipandikizi vya plambago kutoka kwenye ua wangu aandike hapa kabla ya mwisho wa Machi, kwa kuwa Aprili ikishaingia katikati sitakata tena hadi msimu ujao.